Mkulima wa korosho apimwe kwanza, vidonge baadaye

MSIMU wa korosho haumsubiri mgonjwa. Korosho zinapoanza kudondoka, familia za Newala, Masasi na Tandahimba huhamia shambani. Huinama kuokota, hutenganisha korosho na bibo, huanika, huchambua, hujaza magunia na kuyafikisha ghala la chama cha msingi kusubiri mnada. Kazi hiyo yote hufanywa kwa mgongo, magoti na vidole. Mkulima ambaye magoti yamevimba, au ambaye kidole gumba cha mguu kinawaka kiasi cha kushindwa kuvaa ndala, msimu humpita akiwa amelala, na korosho zinazobaki chini zikanyeshewa hushuka daraja.

Kwa sababu hiyo, maumivu ya viungo si suala la hospitali peke yake. Ni suala la uchumi wa kaya, kama lilivyo suala la bei na pembejeo. Lakini wengi wakiulizwa wanaumwa nini, jibu huwa moja tu: baridi yabisi. Wakiulizwa wanatumia dawa gani, jibu pia huwa moja: vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, viwili asubuhi na viwili jioni, mpaka hapo vitakapoacha kusaidia.

Jambo hili linashangaza kwa sababu mkulima huyohuyo hafanyi hivyo kwa mikorosho yake. Anajua ubwiri unga hupuliziwa salfa, na anajua salfa haiui mbu wa mikorosho. Akiona maua yamekauka, huangalia kwanza kama ni ukungu au ni mdudu, na akishindwa humtafuta bwana shamba. Hawezi kumwaga salfa kwenye kila tatizo, kwani fedha itapotea na tatizo litabaki. Kwa nini basi kanuni hiyo isitumike kwenye goti la mkulima mwenyewe?

Neno la Newala lililozunguka dunia

Mfano mzuri wa faida ya kutafuta chanzo cha ugonjwa uko nyumbani. Mwaka 1952 na 1953, wakati Mtwara ya leo ikiwa sehemu ya Jimbo la Kusini la Tanganyika, uliibuka ugonjwa katika vijiji vya wilaya za Newala na Masasi. Mtu alishikwa na homa ghafla, viungo vikauma vibaya, kisha vipele vikatokea mwilini. Maumivu yalikuwa makali hata mgonjwa alishindwa kulala wala kujigeuza.

Ingekuwa rahisi kuandika "homa" au "baridi yabisi" na kufunga daftari. Haikufanyika hivyo. Daktari Marion Robinson alizikusanya dalili za wagonjwa moja baada ya nyingine. Mtafiti W. H. R. Lumsden alifuatilia namna ugonjwa ulivyoenea kijiji hadi kijiji. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955. Mwenzao R. W. Ross, katika kazi ya maabara iliyochapishwa mwaka 1956, alieleza jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana, katika damu ya wagonjwa na katika mbu aina ya Aedes aegypti walionaswa huko Newala.

Hapo ndipo kisa kilipojulikana. Uwanda wa juu wa Makonde una shida ya maji ya juu ya ardhi, na kwa miaka mingi akina mama wameyafuata mabondeni na kuyahifadhi nyumbani kwenye mitungi. Mbu huyo huzaliana katika maji ya namna hiyo, na huuma mchana. Kwa maneno mengine, ugonjwa wa viungo ulikuwa na uhusiano na shida ya maji, jambo ambalo kidonge cha maumivu kisingeweza kulifichua.

Wananchi ndio waliotoa jina. Katika Kimakonde, kitenzi kungunyala kina maana ya kukauka au kujikunja, na ndicho kilichozaa neno chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Kwa miaka mingi vitabu vya kigeni viliandika kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Si kweli. Ni la Kimakonde, na leo linatamkwa na madaktari wa dunia nzima.

Ugonjwa nao umesafiri. Mwaka 2004 uliikumba Lamu nchini Kenya, mwaka 2005 ukaingia Komoro, na katika mwaka 2005 na 2006 kisiwa cha Réunion kikapata wagonjwa wapatao 266,000, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake. Mwaka 2006 ulilipuka India, na mwishoni mwa mwaka 2013 ulifika visiwa vya Karibi. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa nchini Marekani Novemba 2023, ingawa leseni yake ilisimamishwa nchini humo Agosti 2025 kutokana na hofu ya madhara. Hakuna dawa ya kukiua kirusi hicho. Mgonjwa hupumzishwa, hunywa maji kwa wingi na kupewa parasetamoli. Wengi hupona baada ya siku au wiki chache, lakini kwa baadhi maumivu ya viungo hudumu miezi kadhaa, hata miaka.

Jongo si ugonjwa wa matajiri tu

Tatizo jingine linalofichwa na neno baridi yabisi ni jongo, ambalo siku hizi wengi huliita gauti. Hili halina uhusiano wowote na mbu. Huletwa na asidi ya yuriki, taka inayotokana na mwili kuvunjavunja chembe zake wenyewe na baadhi ya vyakula. Sehemu kubwa ya taka hiyo hutolewa na figo kupitia mkojo. Inapozidi katika damu hujenga fuwele ndogo mfano wa sindano ndani ya kiungo, na kinga ya mwili inapozishambulia, kiungo huvimba, hupata joto na kuuma hata shuka haliguswi. Mara nyingi huanza usiku, na mara nyingi ni kidole gumba cha mguu. Huwapata zaidi wanaume wa makamo, na wanawake waliokwisha kukoma hedhi.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1848 daktari Mwingereza Alfred Garrod alionyesha kuwa damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi hiyo kwa wingi. Mwaka 1961 Daniel McCarty na Joseph Hollander wa Marekani walizitambua fuwele zenyewe kwa darubini maalumu katika majimaji ya kiungo, na mpaka leo hicho ndicho kipimo cha uhakika zaidi. Katika miaka ya 1960 ikapatikana dawa ya alopurinoli, iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, ambao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Zamani ilisemwa kuwa jongo ni ugonjwa wa wafalme, wala nyama na wanywa mvinyo. Ni kweli kwamba pombe, maini, figo, nyama nyekundu, dagaa na soda huchangia. Mkulima anayemaliza siku kwa uraka wa mabibo, au kwa bia baada ya malipo ya mnada, hayuko mbali na hatari hiyo. Hata hivyo, utafiti wa karne hii umeonyesha kwamba kurithi na uwezo wa figo vina nafasi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo nazo hupandisha asidi hiyo. Hivyo asiyegusa nyama wala pombe naye anaweza kuugua, na hapaswi kuonewa aibu.

Hasara ya kubahatisha

Wapo watakaouliza: kama viungo vyote vinauma, na kidonge kinatuliza, kuna haja gani ya kujua jina? Haja ipo, kwa sababu tiba hazifanani. Jongo huweza kudhibitiwa kabisa. Shambulio hutulizwa kwa dawa kama kolkisini au dawa za kupunguza uvimbe, na baadaye asidi hushushwa kwa alopurinoli, ambayo daktari huanza kwa kiwango kidogo na kukipandisha taratibu. Mgonjwa huitumia kila siku kwa muda mrefu, hata asipoumwa, na katika miezi ya mwanzo anaweza kushambuliwa tena kabla ya kutulia. Anayeiacha kwa kuwa "amepona" hurudi alikotoka.

Kwa chikungunya, alopurinoli haina kazi. Zaidi ya hapo, homa ya dengue, ambayo Dar es Salaam iliipata kwa kishindo mwaka 2014 na 2019, hufanana nayo na huenezwa na mbu yuleyule. Kwa sababu dengue huweza kusababisha kutoka damu, wataalamu hushauri kwamba mtu mwenye homa na maumivu ya viungo asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka ithibitike kwamba hana dengue. Kidonge kinachomfaa mwenye jongo kinaweza kumwangamiza jirani yake.

Ushahidi wa hasara ya kubahatisha upo hapahapa nchini. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vilipokamilika, malaria ilithibitika kuwa chanzo kwa 14 tu. Katika wagonjwa 700 waliopimwa chikungunya, 55 walionekana kuwa nayo, karibu wanane katika kila 100. Ugonjwa uliopewa jina Newala ulikuwa Kilimanjaro, nao ungepita bila kutambuliwa kama watafiti wasingeupima.

Kubaki na vidonge vya maumivu miezi na miezi nako kuna gharama. Huchubua tumbo hata kuleta vidonda, na huumiza figo. Figo zikiumia, asidi ya yuriki hushindwa kutoka, na jongo huzidi. Mtu anameza dawa inayomwongezea ugonjwa anaoukimbia, na kila wiki anailipia.

Nani afanye nini

Kwanza ni mkulima mwenyewe. Anayeshikwa na homa na maumivu ya viungo apime malaria, na kipimo kikionyesha hana, asiridhike kwa kuambiwa aende nyumbani. Anayeumwa bila homa, hasa kiungo kimoja kinachovimba ghafla na kutulia kisha kurudi, aulizie jongo. Akumbuke pia kuwa kipimo cha damu peke yake hakitoshi: wapo wenye asidi nyingi wasiougua kamwe, na wapo ambao kipimo huwa cha kawaida siku ya shambulio. Kiungo chenye joto kali pamoja na homa na kutetemeka ni jambo la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni usaha, na usaha huharibu kiungo kwa siku chache.

Pili ni mwenye duka la dawa. Biashara yake ni halali na vijijini ni msaada mkubwa. Lakini mteja anayerudi kununua vidonge vilevile mwezi wa tatu mfululizo anahitaji kuelekezwa hospitali. Muuzaji atakayefanya hivyo atapoteza mauzo ya siku moja na kupata mteja wa kudumu.

Tatu ni halmashauri na vyama vya ushirika. Korosho hulipiwa ushuru wa mazao, na vyama vya msingi na vyama vikuu hukata makato yake. Wakulima wamezoea kusikia fedha hizo zikipangiwa madarasa na barabara, na hayo ni mema. Lakini mkono unaookota korosho ndio unaozaa ushuru huo. Si haki mkono huo ukiuma usipate hata darubini inayofaa, vitendanishi vya kupima figo na asidi ya yuriki, wala utaratibu wa kupeleka damu ya wenye homa maabara kubwa panapotokea wagonjwa wengi kwa pamoja. Wajumbe wa mikutano mikuu ya vyama wana haki ya kuliuliza jambo hili pale makato yanapojadiliwa, na madiwani wana wajibu wa kulijibu.

Nne ni maji. Kila kaya inaweza kufunika mitungi, ndoo na matangi, kuisugua mitungi kila wiki, na kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi. Lakini kufunika mtungi hakumwondolei mama safari ya bondeni. Maji ya bomba yasiyokatika ndiyo yatakayopunguza haja ya kuweka akiba ndani, na kwa hiyo fedha ya mradi wa maji ni fedha ya afya ya viungo pia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, watu wa Newala na Masasi waliumwa, wakaupa ugonjwa wao jina, na watafiti wakakubali kuuliza chanzo chake badala ya kuridhika na neno baridi yabisi. Dunia imefaidika na swali hilo. Ni haki wajukuu wao, wanaoinama leo chini ya mikorosho ileile, nao waulizwe swali hilohilo kabla ya kupewa vidonge.