Nakili, Futa, Hamisha: Jibu kwa Wanaosema Kiswahili Hakiamrishi Mashine

Kuna kauli moja inayorudiwa sana miongoni mwetu sisi tunaojiita wapenzi wa lugha, nami nimeivumilia kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kauli hiyo husema kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya malumbano na ya nasaha, lakini mashine haikijui. Anayetaka kuiamuru kompyuta hana budi kwenda kwa Kiingereza. Ingekuwa inasemwa na vijana wenye simu za bei mbaya tu, nisingeshangaa. Linaloniudhi ni kwamba husemwa pia na washairi wenye diwani zao, na walimu wenzangu waliotumia nusu ya umri wao kufundisha vitenzi. Leo naipinga, na ushahidi wangu uko mezani: kompyuta ya zamani inayotumia Windows 10, na mafaili madogo ya amri niliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili.

Kwa asiyeyajua, faili la amri ni maandishi ya kawaida tu. Huandikwa kwa Notepad, mstari kwa mstari, kisha huhifadhiwa kwa jina lenye mkia wa .bat. Ukilifungua, kompyuta huisoma mistari hiyo kutoka juu kwenda chini na kuitekeleza ndani ya lile dirisha jeusi ambalo watu wengi huliogopa bila sababu. Utaratibu huu ulikuwapo enzi za MS-DOS, miaka ya 1980, na bado uko hai. Hauhitaji kununua programu yoyote, wala bando.

Sasa zitazameni amri zenyewe: copy, del, ren, md, rd, rem, echo, goto. Je, hiki ndicho Kiingereza tunachoambiwa tukipigie magoti? Hiyo del si neno, ni kipande cha neno. Hizo md na rd ni herufi mbilimbili. Na echo ni Kiyunani kilichopita Kiingereza njiani. Mtoto wa London hazaliwi akijua kuwa rd huondoa folda. Hujifunza, sawasawa na mtoto wa Lindi. Na maneno ya aina hii anayoyahitaji mtu wa kawaida kwa kazi za nyumbani hayafiki thelathini. Vingine vyote ni mali ya mwandishi: majina ya vigeu, majina ya vituo ambavyo amri huruka kuviendea, ujumbe unaotokea kwenye kioo, maelezo ya pembeni. Mashine haiulizi vimeandikwa kwa lugha gani.

Tena hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kifaransa hakina. Herufi zetu hazina vilemba. Mfaransa akiandika é kwenye faili la amri, huenda dirisha jeusi likamwonyesha kioja kingine kabisa, kwa kuwa jedwali la herufi la dirisha hilo hutofautiana na lile la Notepad. Sisi tunaandika tupendavyo, na hata ng'ombe wetu hupita salama na kikoromeo chake.

Lakini hoja yangu kubwa iko kwenye sarufi, na hapa nawashangaa walimu. Kiswahili ndiyo lugha ambayo kitenzi chake, kikisimama peke yake bila kiambishi chochote, tayari ni amri. Soma. Andika. Futa. Hamisha. Fungua. Vile vya asili ya Kiarabu navyo vivyo hivyo: nakili, hesabu, badili, rudi. Tuliwafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza kwamba ni vitenzi vichache mno vinavyoasi, kama leta kuwa lete na kuja kuwa njoo. Mfaransa sharti achague kati ya maumbo matatu ya kuamuru. Sisi tunalitamka shina tu na kazi inaanza. Ukimpa mtu asiyejua siasa za lugha kazi ya kuchagua lugha ya kuamrishia mashine, sioni kwa nini aiache hii.

Na mashine inakubali. Andika faili lenye mstari huu mmoja:

@copy %*

Liite nakili.bat, uliweke kwenye folda iliyomo katika orodha ambayo Windows huipitia kila inapotafuta amri, ile iitwayo PATH. Alama ile %* maana yake ni "chochote kitakachofuata". Tangu hapo, ukiandika katika dirisha jeusi nakili utenzi.txt F:\ utenzi wako unakwenda kwenye diski ya F bila swali. Fanya hivyo kwa futa, kwa hamisha, kwa orodhesha. (Tahadhari moja: ukitaka kuitumia nakili ndani ya faili jingine la amri, tanguliza call, la sivyo kazi haitarudi ilikotoka.) Kuanzia hapo kompyuta yako ina Kiswahili katika msamiati wake, na hakuna kamati iliyoketi kuidhinisha.

Msije mkanitajia tafsiri za madirisha na vitufe. Nazijua na naziheshimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Windows nayo imekuwa na vifurushi vya Kiswahili tangu zama za XP. Hizo zilikuwa kazi kubwa. Lakini kitufe kilichotafsiriwa kinakusemesha wewe. Faili la amri ni wewe unayesema. Lugha iliyozoea kuambiwa tu, siku zote itadhani haina sauti.

Mtaniuliza kuna faida gani. Nitawajibu kwa jambo linalowahusu washairi moja kwa moja, nalo ni masasisho.

Mshairi mmoja ninayemfahamu alikuwa na beti zake za zaidi ya miaka ishirini katika kompyuta moja. Siku moja mashine ilianza kumsumbua kwa ujumbe wa masasisho usiokwisha. Akaipeleka kwa fundi, fundi "akapiga windo" upya, na diski ikafutwa yote. Fundi alidai aliuliza kama mna kitu cha maana humo. Labda aliuliza. Ninachojua ni kwamba tenzi mbili ambazo baadhi yetu tulizisikia zikighanwa, leo hazipo popote isipokuwa katika kumbukumbu za waliohudhuria, na kumbukumbu hizo nazo zinazeeka.

Baada ya misiba ya namna hii, watu hugawanyika makundi mawili, na yote mawili yananitia hasira. La kwanza huzima masasisho milele na kujisifu. Hawa wakumbuke Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipoingia katika kompyuta za nchi nyingi, hata hospitali za umma za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Tundu lililopitiwa lilikuwa limekwisha kuzibwa na sasisho la Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao sasisho halikuwafikia au walilikataa. Kundi la pili hubonyeza ndiyo kwa kila kinachojitokeza kwenye kioo, hata kama mswada haujahifadhiwa na umeme unasinasina. Makundi haya yana ugonjwa mmoja: hakuna anayesoma anachoulizwa, kwa sababu wote wamekwisha kuamini kwamba maneno ya mashine si yao.

Mimi huanzisha masasisho kwa faili hili:

@echo off
rem Hunakili mashairi kwanza, kisha hufungua mlango wa masasisho
set chanzo=D:\Mashairi
set akiba=F:\Mashairi
if not exist %akiba% goto hakuna
robocopy %chanzo% %akiba% /e
if errorlevel 8 goto kasoro
echo Mashairi yako salama. Sasa unaweza kusasisha.
start ms-settings:windowsupdate
goto mwisho
:hakuna
echo Diski ya nje haionekani. Ichomeke kwanza.
goto mwisho
:kasoro
echo Kuna kisichonakilika. Usisasishe leo.
:mwisho
pause

Kazi yake ni nyepesi. Huangalia kama diski ya nje ipo, hunakili mashairi, robocopy ikimaliza hutoa namba, na namba hiyo ikiwa 8 au zaidi, kuna kilichoshindikana, basi mlango wa masasisho haufunguliwi. Kila kitu kikienda sawa, ukurasa wa masasisho hujitokeza wenyewe. Mke wangu, ambaye hakusoma kompyuta popote, aliusoma mstari wa diski ya nje, akaichomeka, akaendelea. Hakuniita. Angeandikiwa ujumbe uleule kwa Kiingereza cha mafundi, angeniita, nami ningekuwa sokoni.

Washairi wa arudhi mna nafasi maalumu hapa. Faili la amri halisamehe kama asivyosamehe mhariri mkali wa mizani. Weka nafasi moja kabla ya alama ya sawasawa, uandike set chanzo =D:\Mashairi, nawe umeunda kigeu kingine ambacho jina lake lina nafasi mwishoni; kile cha chanzo kitabaki kitupu. Mtu aliyezoea kuhesabu silabi kumi na sita na kuona pale ambapo pana kumi na saba ataliona kosa hilo upesi kuliko kijana aliyelelewa na programu zinazomsahihishia kila kitu.

Upo pia mtego wa saa, ambao hakuna mwongozo wa kigeni utakaokutajia. Windows 10 hukuruhusu kutaja saa zako za kazi, hadi saa 18 kwa siku, ili isijizime na kujiwasha upya katikati ya shughuli. Mswahili anayeandika kuanzia saa mbili asubuhi, akijaza 2, amejaza saa nane za usiku. Dawa yake ni hesabu ya mstari mmoja: chukua saa ya mashine, ongeza 5, gawanya kwa 12, chukua baki, ongeza 1. Saa 8 ya mashine inakuwa saa 2; saa 19 inakuwa saa 1; saa 6 inakuwa saa 12. Faili langu la salamu hunitajia saa kama alivyonifundisha mama yangu.

Sasa niwageukie mabingwa wa istilahi. Tumebishana kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumebishana kusasisha au kuhuisha. Mimi nasema kusasisha, kwa kuwa limezaliwa na sasa na linasema hasa kinachofanyika, na kuhuisha nawaachia wafufua wafu. Lakini nimewauliza wabishi kadhaa kama wamewahi kuliweka neno lao lolote ndani ya faili likafanya kazi, wakanitazama kama niliyewauliza bei ya mafuta ya ndege. Istilahi isiyotumika ni nguo iliyoshonwa ikabaki kwa fundi.

Wengine watasema haya yote ni ya bure, nitupe hiki chuma ninunue kipya. Ni kweli kwamba huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wanasogezewa hadi Oktoba 2026. Ni kweli pia kwamba Windows 11 inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za umri wa yangu hazina. Basi muda huo ukiisha nitaichomoa kwenye intaneti na itabaki kuwa meza ya kuandikia. Notepad haihitaji intaneti, wala nakili.bat. Anayemwambia mwalimu mstaafu anunue kompyuta mpya ili aandike shairi la beti kumi, na alete fedha pamoja na ushauri.

Limebaki jambo moja ambalo wanalugha watanishambulia kwalo, kwa hiyo nalitanguliza. Amri ya copy ikimaliza kazi husema "1 file(s) copied". Mwingereza amekwepa umoja na wingi kwa kutia herufi moja ndani ya mabano. Sisi hatuna njia hiyo, kwa sababu wingi wetu hukaa mwanzoni mwa nomino, kisha huenda kukaa tena mwanzoni mwa kitenzi. Asiyejua ngeli ataandika "1 mafaili yamenakiliwa" na mashine haitamsuta. Ndiyo maana kazi hii inawahitaji nyinyi. Mimi nimeandika hivi:

if %idadi%==1 (echo Faili 1 limenakiliwa.) else (echo Mafaili %idadi% yamenakiliwa.)

Najua wapo wanaolipeleka faili katika ngeli nyingine na wangetaka "faili 1 imenakiliwa, faili 12 zimenakiliwa". Sikubaliani nao, lakini faili langu liko wazi: ni mstari mmoja, waubadilishe kwenye kompyuta zao.