Kapsuli na Fimbria: Tufundishe kwa Kuondoa

Katika mazoezi ya kufundisha, mwalimu-mwanafunzi anapofikia mada ya bakteria, mara nyingi tunamkuta amechora ubaoni umbo la yai, akalizungushia mishale na kuandika majina: ukuta wa seli, kapsuli, fimbria, mjeledi. Mchoro ni safi, darasa linaunakili, kengele inalia. Ukimwuliza mwanafunzi kapsuli ni ya nini, atajibu, "Ya kukinga." Ukimwuliza inakinga dhidi ya nini, atanyamaza. Hatuwezi kumlaumu, kwani hajapata kuelezwa habari za bakteria asiyekuwa nayo.

Hoja yetu ni kwamba sehemu ya kiumbe haifahamiki kwa kuonyeshwa mahali ilipo, bali kwa kutazama yanayotokea pale isipokuwapo. Kwa upande wa kapsuli, mfano mzuri tunao siku zote, ila tumeuweka katika mada nyingine. Mwaka 1928 Frederick Griffith, tabibu wa Wizara ya Afya ya Uingereza, alitoa habari za majaribio yake juu ya nimokoki, vimelea viletavyo nimonia. Vimelea vyenye kapsuli huota makundi laini yenye kung'aa. Visivyo nayo huota makundi yenye kukwaruza. Panya waliodungwa vimelea laini walikufa. Waliodungwa vile vya kukwaruza waliishi, na waliodungwa vimelea laini vilivyouawa kwa joto nao waliishi. Lakini vimelea laini vilivyokufa vilipochanganywa na vya kukwaruza vilivyo hai, panya walikufa, na katika damu yao vikakutwa vimelea hai vyenye kapsuli.

Walimu wa somo la urithi hulitumia jaribio hili kuonyesha kwamba sifa yaweza kuhama, na ni kweli lilifungua njia iliyowafikisha Avery, MacLeod na McCarty kwenye DNA mwaka 1944. Lakini sifa iliyohama ilikuwa ipi? Ilikuwa kapsuli! Mwanafunzi husoma kapsuli katika mada moja na panya wa Griffith katika mada nyingine, pasipo mtu kumwambia kwamba habari ni ile ile.

Baada ya panya, maelezo huwa mepesi. Chembe nyeupe za damu humshika bakteria kwanza ndipo zimmeze, na vishikio vyake ni protini za damu zinazojibandika juu ya mwili wa bakteria. Kapsuli ya nimokoki ni minyororo ya sukari iliyojaa maji. Huzuia protini hizo zisijibandike za kutosha, na zile zinazopenya huzifunika zisifikiwe. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya kapsuli yenyewe huvunja hila hiyo, maana hushika juu ya kapsuli, si chini yake. Aina za kapsuli za nimokoki zinazojulikana zimepita 100, na kwa kawaida kingamwili ya aina moja haifai kwa nyingine. Tena mtoto wa chini ya miaka 2 hutoa kingamwili hafifu dhidi ya sukari peke yake. Ndiyo sababu katika chanjo ya watoto sukari hiyo huunganishwa na protini. Kenya ilianza kuitoa chanjo hiyo mwaka 2011, na Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2013. Mwalimu wa kijijini ataulizwa na wazazi maana ya sindano hiyo, na neno "kukinga" halitamfikisha mbali.

Fimbria ni nyuzi za protini zenye unene wa nanomita 7 hivi. Bakteria aitwaye E. koli akiingia katika njia ya mkojo hana budi kung'ang'ania, la sivyo atachukuliwa na mkojo. Ncha za fimbria zake hushika sukari ya manosi iliyo juu ya seli za kibofu. Manosi ikimiminwa kwa wingi katika chombo cha maabara, ncha huishika hiyo, na seli zikaachwa. Hapa nako tumejifunza kwa kuondoa.

Zana hazina gharama. Bamia iliyokatwa huponyoka vidoleni kwa ute wake, na mbegu ya kishona nguo hunasa katika kitambaa lakini haishiki bati. Tuonye tu kwamba kishona nguo hunasa kwa miiba, hali fimbria huchagua kwa umbo la molekuli.

Pia tusiache darasa likiamini kwamba kapsuli nene ni bora kila mahali. Kapsuli huweza kuvifunika viungo vya kushikia. Nimokoki waliojishikiza puani na kooni aghalabu wana kapsuli nyembamba, na wanaostawi katika damu wana nene. Kimelea cha kipindupindu cha aina ya O1 hakina kapsuli kabisa, nacho huua.

Mitihani nayo ibadilike. Badala ya "Taja sehemu tano za bakteria", tuulize: Bakteria wawili wa jamii moja wameingia mwilini, mmoja amepoteza kapsuli, mwingine fimbria. Ni yupi ataelekea kutoka na mkojo, na yupi ataelekea kumezwa na chembe nyeupe? Eleza. Alama moja iwe ya jibu, na nne za maelezo.