Kiswahili Katika Filamu: Msemaji au Pambo?

Sisi si wataalamu wa filamu. Hatukusomea kamera wala taa, wala hatudai kuzijua siri za watengenezaji wa picha. Sisi ni watazamaji tu, watu wa kazi za ofisi na kalamu, ambao jioni huketi mbele ya picha kama waketivyo maelfu ya wananchi wengine. Lakini mlaji anajua kama chumvi imezidi au imepungua, hata kama hakupika yeye. Kwa haki hiyo ya mlaji twatoa hapa maoni yetu juu ya filamu chache tulizozitazama siku hizi, za zamani na za karibuni, za wageni na za kwetu. Swali tunaloziuliza zote ni moja: Kiswahili kimewekwa wapi ndani yake?

Tuanze na filamu iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Mmarekani Howard Hawks. Ilipigwa hapa kwetu Tanganyika, katika nchi ya Arusha, ikatolewa mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Jina lake ni neno letu. Mwenye kulisoma angedhani kwamba atawasikia watu wa nchi hii wakieleza habari za nchi yao. La hasha! Hadithi ni ya John Wayne na wenzake, wageni wanaokamata wanyama pori kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Mwananchi yumo, lakini yumo kama mlima ulivyomo na mti ulivyomo: anasaidia kazi, anapita, anatoweka. Bibi mmoja mgeni, mlezi wa watoto wa tembo, anapewa jina la "Mama Tembo", na hapo lugha yetu imemaliza karibu kazi yake yote. Tuseme kweli: mbio za magari nyuma ya vifaru zinasisimua, na nchi yetu inaonekana nzuri mno. Ubaya wa filamu hiyo ni kwamba mbuga imepewa nafasi kubwa kuliko watu wake.

Miaka 32 baadaye, yaani 1994, kampuni ya Disney ilitoa The Lion King. Humo mwana wa mfalme anaitwa Simba, nyani mwenye hekima anaitwa Rafiki, ngiri anaitwa Pumbaa, na fisi mmoja anaitwa Shenzi. Hebu mwalimu alitafakari jina hilo la mwisho. Neno ambalo mkoloni alimtupia mwananchi usoni limeokotwa likafanywa mchezo wa watoto, na watoto wetu wanacheka bila kujua wanachokicheka. Filamu yenyewe si mbaya. Kisa cha mwana aliyeukimbia wajibu wake, kisha akarudi kuushika, ni mafunzo mema kwa kijana wa nchi yoyote. Lakini wanyama hao wenye majina ya Kiswahili hufikiri, hupenda, huomboleza na hutawala kwa Kiingereza. Kiswahili kimebaki hasa katika majina na katika wimbo wa "Hakuna Matata". Na hata maneno hayo mawili, yaliyokwisha kuvuma tangu 1982 katika wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya, kampuni hiyo iliyasajili huko Marekani kuwa alama yake ya biashara ya nguo. Usajili ulikamilika mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi wakatia saini kuupinga. Twakubali kwamba usajili huo haumzuii mtu yeyote kuyatamka maneno yale. Hata hivyo, lugha ikichukuliwa kuwa kigae cha kupambia ukuta, si ajabu aliyekiokota akikipiga muhuri wake.

Wapo watakaotujibu kwamba mgeni akitumia maneno yetu ametutangaza duniani, basi twalalamikia nini? Hoja hiyo twaikataa. Mtu akikualika karamuni, akalitangaza jina lako mlangoni, kisha akakunyima kauli mpaka karamu ikaisha, hakukutukuza, amekutumia.

Lakini ingekuwa rahisi mno kumlaumu mgeni, tukanawa mikono. Tangu mwanzo wa karne hii, vijana wetu wametengeneza filamu nyingi kwa fedha kidogo na vyombo hafifu. Waigizaji husema Kiswahili, na watazamaji wamepatikana hata katika nchi za jirani. Kwa juhudi hiyo twawapongeza. Sasa tazama majina waliyozipa kazi zao. Moja ya filamu zilizofungua njia, ya mwaka 2003, iliitwa Girlfriend. Nyingine, iliyochezwa na marehemu Steven Kanumba, iliitwa Devil Kingdom. Je, Kiswahili hakina neno la mchumba? Hakina neno la ufalme, wala la shetani? Hawks alichukua neno letu akalitundika juu ya hadithi yake; sisi twachukua neno lake tukalitundika juu ya hadithi yetu. Yeye alitaka pambo. Sisi twaona haya. Katika makosa hayo mawili la pili ndilo zito, maana mgeni hakuwa na deni la kuilea lugha hii, nasi tunalo.

Huambiwa kwamba jina la Kiingereza huuza. Humuuzia nani? Mtu wa Manzese au wa Kigoma hutoa fedha yake kwa kuwa atawasikia watu wakigombana, wakibembelezana na kuombana radhi kwa lugha aijuayo. Ushahidi wa jambo hili umo katika vibanda vya video. Humo filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani huwekewa sauti ya mtu anayezisimulia kwa Kiswahili, na wananchi huzifuata kwa sababu ya sauti hiyo. Baadhi ya wasomi humcheka msimulizi huyo kwamba anaongeza chumvi. Sisi twamheshimu. Bila cheti wala ruzuku, amethibitisha kwamba Kiswahili ni bidhaa yenye soko.

Na kwamba lugha ya Kiafrika yaweza kuibeba filamu nzima, hilo lilikwisha kuonyeshwa zamani. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mtunzi wa riwaya kwa Kifaransa. Alipoona kwamba watu wake wengi hawawezi kuzisoma, akajifunza kazi ya filamu. Mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolofu. Ni kisa cha mzee aliyeletewa hawala ya fedha kutoka Paris, akashindwa kuichukua kwa kuwa hana kitambulisho. Na kila ofisi humpeleka kwenye ofisi nyingine. Sisi tuliokaa miaka mingi nyuma ya meza za serikali tuliitazama tukiwa tumeinamisha vichwa. Humo lugha ndiyo kisa chenyewe: mzee anafikiri kwa Kiwolofu, karatasi zinamnyang'anya kwa Kifaransa.

Kwetu pia mwanga upo. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 iliwaonyesha watu wa nchi hii wakibishana kwa lugha yao juu ya ugonjwa, hospitali na mganga wa jadi. Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, huko Kanada. Yasmini anayeikimbia ndoa ya mzee, na Denge anayewapinga Waingereza, wanapendana na kuhofu kwa Kiswahili cha Unguja. Hakulazimika mtu kuwageuza Waingereza ili dunia iwasikilize. Na jina la riwaya lilibaki lilelile.

Basi twawageukia ninyi walimu, na ninyi wanafunzi ambao kesho mtakuwa watunzi. Riwaya huichambua darasani mstari kwa mstari. Filamu, ambayo kijana huitazama mara nyingi zaidi, huiacha ipite bila kuhojiwa. Iulizeni maswali matatu. Nani anasema humo? Anasema kwa lugha ya nani? Je, msema Kiswahili amepewa nafasi ya kufikiri, au ya kubeba mizigo tu? Na kijana atakayeshika kalamu kuandika filamu yake ya kwanza, aanze na ukurasa wa juu kabisa: aipe jina ambalo bibi yake atalielewa.