Utii Kanisani: Mchungaji Naye Anarudiwa na Nani?



Mwaka 2025 majembe yalirudi tena Kilifi. Safari hii ilikuwa Kwa Binzaro, eneo la Chakama, si mbali na msitu wa Shakahola. Miili zaidi ya 30 ikafukuliwa. Mwaka 2023, pale Shakahola penyewe, ilifukuliwa zaidi ya 400. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kunyongwa. Paul Mackenzie, aliyekuwa mchungaji wa kanisa la Good News International, alishtakiwa na wenzake kwa mauaji, ugaidi na makosa mengine. Amekana, na hukumu ni kazi ya mahakama.

Yanapotokea mambo kama haya, sisi wa upande huu wa mpaka hukimbilia kusema, "Wale walirogwa", au "wale hawakusoma". Jamani, tusijidanganye. Februari 1, 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako. Hawakuwa wajinga wale. Walikuwa watu kama mimi na wewe, wenye shida zao, walioambiwa kanyageni hapa nao wakakanyaga.

Kwa hiyo swali langu leo si imani. Ni utii. Tunafundishwa kutii kiongozi wa kiroho, na mimi nakubali kwamba utii ni fundisho la Biblia. Waebrania 13:17 inalisema wazi. Lakini hebu tuisome mpaka mwisho. Mstari huohuo unasema viongozi watatoa hesabu kwa ajili ya roho wanazozichunga. Sasa mbona nusu ya kwanza tunaisikia kila Jumapili na nusu ya pili hatuisikii?

Ukiuliza sadaka imekwenda wapi, unaambiwa unamgusa mpakwa mafuta. Wanachukua habari za Daudi na Sauli. Sawa, tuzisome basi. Daudi alikataa kumuua Sauli, ni kweli. Lakini aliporushiwa mkuki alikwepa akakimbia, hakusimama achomwe eti kwa sababu mrushaji ana upako. Na baadaye, baada ya kukata upindo wa vazi la Sauli kule pangoni, alitoka nje akamweleza kosa lake kwa sauti, mbele ya watu (1 Samweli 24). Huo ndio utii wa Daudi: hakulipiza kisasi, ila hakunyamaza.

Kiswahili cha Biblia ya zamani kina neno zuri sana kwa habari ya nidhamu: kurudi. Baba humrudi mtoto, yaani humkanya na kumwadhibu. Neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa mtu aliyepotea akarejea nyumbani. Sijui wataalamu wa lugha watasemaje, lakini kwa Mkristo maana hizo mbili hazitakiwi kuachana. Unamrudi mtu ili arudi. Ukimrudi asiwe na pa kurudia, hapo umemfukuza tu.

Angalieni utaratibu wa Mathayo 18. Kwanza unamwendea ndugu yako mkiwa wawili tu. Hapo heshima yake inalindwa. Akikataa, unakwenda na mmoja au wawili wengine. Hapo ukweli unalindwa, asije mtu akasingiziwa. Akikataa tena, ndipo kanisa linaambiwa. Hakuna hatua hata moja ambapo mtu mmoja ni mshitaki, shahidi na hakimu. Na Paulo, baada ya kuwaambia Wakorintho wamtenge mtu mmoja, kwenye waraka wa pili anawasihi kuhusu mtu aliyeadhibiwa: inatosha, msameheni na kumfariji asije akamezwa na huzuni.

Nitoe mfano wa karibu. Binti mmoja wa ukoo wetu alipata mimba kabla ya ndoa. Usharika ukamtenga: hakuna Meza ya Bwana, hakuna kwaya. Kijana aliyempa mimba alikuwa kwaya hiyohiyo, sauti ya besi, na Jumapili iliyofuata aliimba kama kawaida. Kila mtu alijua. Miezi ikapita, hakuna mzee wa kanisa hata mmoja aliyefika nyumbani kumwona. Siku ya kumrudisha kundini ilipotangazwa, binti hakwenda. Leo hasali popote. Mama yake bado analipa ahadi kila mwaka na bado anauliza: mwanangu alikosea peke yake?

Hakuna aliyekufa pale. Ila mzizi ni uleule: nidhamu inateremka chini tu, haipandi juu wala haiendi pembeni.

Na msidhani ni ugonjwa wa makanisa madogo ya mabati. Kanisa la Uingereza, mama wa Anglikana yetu, lilikuwa na bwana mmoja, wakili, jina lake John Smyth. Miaka ya 1970 na 1980 aliwachapa vijana wa kambi za Kikristo kikatili, kwenye kibanda nyumbani kwake, akiita hiyo nidhamu ya kiroho. Baadhi ya viongozi walijua tangu 1982, wakanyamaza. Akahamia Zimbabwe, akaendelea na vijana wa huko. Alikufa 2018 bila kutiwa hatiani. Ripoti ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu Justin Welby alijiuzulu, kwa kuwa alipewa taarifa 2013 na hazikufuatiliwa ipasavyo. Imechelewa mno, ndiyo. Lakini angalau mkubwa naye alirudiwa.

Wengine watasema serikali iingilie kati. Rwanda ilijaribu. Mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali, kwa mambo ya usafi, kelele na usalama wa majengo, ikadai pia wachungaji wasome. Sipingi. Lakini mkaguzi anaweza kupima choo na kelele, atapimaje hofu ya muumini? Hata kanisa la Mackenzie lilikuwa na usajili. Ulifutwa 2023, watu wakiwa tayari makaburini.

Kwa hiyo kazi inabaki kwetu tunaokaa kwenye mabenchi. Kabla ya kumtii mtu kwa jina la Mungu, mimi napendekeza maswali matatu:

1. Yeye akikosea, nani ana uwezo wa kumwita na akaitika?
2. Anayetengwa hapa anatembelewa, au anasahauliwa?
3. Nikisema hapana leo, kesho nitasalimiwa?

Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, na Petro aliendelea kuwa mtume. Kama kanisa lako haliwezi kubeba hapana moja ya muumini wa kawaida, tafuta mlango ungali wazi.

Na kama ni mzee wa kanisa unayesoma hapa: yuko binti mtaani kwako anayesubiri hodi. Nenda wiki hii, na usiende na daftari.

Naomba kutoa hoja. Karibuni tujadiliane, bila matusi.