DAFTARI LA SAFARI: NENO KWA WANACHAMA WAENDAO UINGEREZA

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu niwaeleze wanachama wenzangu jambo ambalo, kwa maoni yangu, limeachwa kwa muda mrefu mno. Wapo watumishi wenzetu waendao Uingereza: wengine kwa mafunzo ya miezi michache, wengine kwa mikutano, wengine kuwazuru watoto au ndugu zao walioko huko. Hurudi salama, hutupa salamu, hutuonyesha picha, kisha habari zao huishia hapo. Naye mwenzao anayefuata huanza upya, kana kwamba hapana mtu aliyeipita njia ile kabla yake. Shauri langu ni kwamba chama kiwe na daftari la safari, na kila mwanachama arudiye kutoka Ulaya aandike humo yale yatakayomfaa mwenzake.

Sisi wa Tabora hatuhitaji kufundishwa faida ya jambo hili, kwa kuwa mji wetu ulikuzwa na njia. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, safari ya kutoka pwani ilikuwa ya miezi. Burton aliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, akafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda na kurudi katika njia hiyo walijua maji yako wapi, na pori la Mgunda Mkali lahitaji akiba gani ya chakula, na katika Ugogo hongo hutozwa wapi. Kirangozi hakuyasoma hayo kitabuni. Aliambiwa na waliotangulia, naye akawaambia waliomfuata.

Neno hongo siku hizi limekuwa neno baya, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi, aliotoa mkuu wa msafara kwa mtemi wa nchi ili watu wake wapite na kuchota maji. Viza ya leo ni ushuru wa namna hiyo. Hapana haja ya kuikasirikia, wala hapana njia halali ya kuizunguka. Lililopo ni kujua mapema hutakiwa nini.

Tena si kwamba watu wetu hawakupata kwenda. Mtoto mtumwa Kalulu, ambaye Stanley alipewa hapa Unyanyembe mwaka 1871, alifika Uingereza mwaka 1872, na mwaka 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone mjini London. Alikufa katika maji ya mto Kongo mwaka 1877, na habari zake twazipata kwa kalamu za wengine. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na kisha kufundisha hapa, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 akapata shahada yake mwaka 1952.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni Martin Kayamba. Yeye alikuwa karani kama sisi, naye ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia na Bwana Francis Lwamugira, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliporudi hakunyamaza. Kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitoka mwaka 1932, nacho kiliandikwa kwa Kiswahili. Basi ikiwa karani wa mwaka 1931 aliona ni wajibu wake kuwaandikia waliobaki nyumbani, sisi wa leo tuna udhuru gani?

Ili nisionekane kutoa shauri tupu, naandika hapa baadhi ya mambo ambayo yangefaa kuwa katika kurasa za kwanza za daftari hilo.

Kwanza ni mambo ya nyumbani. Mtumishi wa Serikali aombe mapema kibali cha kusafiri nje ya nchi, wala asingoje barua ya mwaliko ikae mezani wiki mbili. Aitazame pasipoti yake: iwe bado ina muda wa kutosha, na jina lililomo liwe sawa herufi kwa herufi na lile lililo katika vyeti na barua ya mwajiri. Watu wengi wetu tuna majina ya ubatizo, ya baba na ya babu, na kila ofisi imeyapanga kwa namna yake. Hilo ni jepesi kulisahihisha miezi sita kabla ya safari, lakini ni zito sana wiki moja kabla.

Pili ni viza yenyewe. Fomu hujazwa kwa mtandao, kwa Kiingereza, na mgeni wa kawaida aweza kuomba tangu miezi 3 kabla ya siku ya safari. Katika mwaka 2025 ada ya viza ya kukaa muda usiozidi miezi 6 ilikuwa pauni 127, nayo hupandishwa mara kwa mara. Basi mtu aitazame tena siku ya kulipa. Hulipwa kwa kadi ya benki iwezayo kulipa nje ya nchi, na mtu aulize benki yake kwanza kama kadi yake yaweza. Baada ya hapo mwombaji hutakiwa kufika mwenyewe Dar es Salaam kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kwa mtu wa Tabora ni safari ya zaidi ya kilometa 800, pamoja na nauli, malazi na ruhusa ya kazini. Kwa hiyo asiondoke hapa mpaka awe amehesabu kila karatasi.

Ombi likikataliwa, ada hairudishwi, na neno la kukataliwa hubaki katika kumbukumbu zao; kila atakapoomba tena ataulizwa juu yake, naye hana budi kusema kweli. Karani mwenye mshahara wetu akipoteza fedha hizo amepoteza akiba ya muda mrefu, na pengine nafasi ya masomo isiyorudi.

Tatu ni karatasi. Hapa ndipo mtu wa bara huweza kuanguka, si kwa uongo bali kwa kutojua. Karatasi isiyo ya Kiingereza wala ya Kiwelshi lazima iambatane na tafsiri iliyothibitishwa, yenye jina la mfasiri, sahihi yake na tarehe. Barua ya mtendaji wa kijiji, hati ya shamba, cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kiswahili, vyote hivyo havina nguvu bila tafsiri. Tena, fedha zilizoingia benki kwa mara moja siku chache kabla ya ombi huleta swali kuliko kuleta sifa. Ikiwa umekopa katika chama cha akiba na mikopo au umeuza mpunga, weka hati ionyeshayo hivyo. Barua ya mwajiri iseme cheo chako, mshahara wako, siku za ruhusa ulizopewa na siku utakayorudi kazini. Atakayekaa zaidi ya miezi 6 hutakiwa pia cheti cha kupimwa kifua kikuu katika hospitali iliyokubaliwa na Serikali yao.

Nne, kuhusu madalali. Wapo watu wajisifuo kuwa wana ndugu ndani ya ubalozi, na kwamba wakipewa fedha viza itatoka. Mwanachama asiwape hata senti moja. Karatasi ya kughushiwa ikigunduliwa, mwombaji aweza kufungiwa mlango kwa miaka 10, wala dalali hatakuwapo kumtetea.

Tano ni mambo ya huko. Abebe koti zito akienda kati ya Oktoba na Aprili. Baridi yetu ya Julai si mfano wake. Mwezi wa Desemba mjini London jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kutua kabla ya saa 10 alasiri, na mgeni asishangae moyo wake ukiona huzuni. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 3 wakati wa baridi na kwa saa 2 wakati wa joto, nazo hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Tangu mwaka 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu, ni kadi tu. Plagi za umeme ni za pini 3 kama zetu, kwa hiyo mtu asidanganywe kununua kifaa cha kubadilishia. Magari hupita kushoto kama kwetu. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa. Mwenye kutaka kuwapelekea wenyeji asali yetu ya Tabora aulize kwanza kipimo kinachokubaliwa. Matibabu ya hospitali kwa mgeni hulipiwa, na gharama zake ni kubwa, basi akate bima kabla ya kuondoka. Akipatwa na hatari apige simu namba 999.

Najua yatakayosemwa. Wengine watasema kwamba mambo haya yote yako katika mtandao, basi daftari ni la nini? Nawajibu kwamba kanuni ziko huko, tena ni wajibu kuzisoma, kwa kuwa ada na sheria hubadilika. Lakini kanuni haisemi ni mfasiri gani anayeaminika, wala ni muda gani kibali huchukua kutoka Tabora hadi kurudi, wala ni nyumba gani ya kulala wageni iliyo karibu na pa kutolea alama za vidole. Hayo hujulikana na yule aliyeyafanya tu.

Wengine watasema kwamba wasafiri ni wachache, na chama kina shida kubwa zaidi za mishahara na nyumba. Ni kweli kwamba ni wachache. Lakini huenda ni wachache kwa sababu hii hii. Tangazo la masomo likija, mwenye ndugu aliyekwisha kwenda hujua la kufanya siku ile ile; asiye na ndugu huanza kuuliza, na siku za kuomba hupita. Elimu ya njia ikikaa katika nyumba chache, nafasi nazo zitakaa katika nyumba hizo hizo. Chama kilianzishwa ili jambo alijualo mmoja liwafae wote.

Basi natoa shauri kwa Kamati. Daftari linunuliwe na likae kwa Katibu. Kila arudiye aandike katika muda wa mwezi mmoja, akitaja tarehe, gharama na yaliyomkwamisha. Maandishi yawe kwa Kiswahili. Mara moja kila mwaka yasahihishwe, na yaliyokwisha badilika yafutwe, ili tusimpoteze mtu kwa habari za zamani. Gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana cha mkutano mmoja.

Ikiwa yupo mwenye shauri bora kuliko hili, na aliandike katika toleo lijalo, nami nitalisoma kwa furaha.

Ni mimi,
Karani mwenzenu, Tabora.