Unasihi Vyuoni: Mwanafunzi Atarajie Nini Anapobisha Hodi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupitishwa katika wiki ya utambulisho na kuelezwa habari za usajili, ada, maktaba, mkopo na kanuni za mitihani. Katikati ya matangazo hayo hutajiwa pia kuwa chuo kina huduma ya ushauri na unasihi. Wengi hulisikia jambo hilo mara moja, na hulikumbuka tena matokeo ya muhula yakiwa yameshabandikwa.

Huduma hiyo si hisani ya chuo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kupitia Viwango na Miongozo ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2019, inavitaka vyuo kuwapatia wanafunzi huduma za ustawi, unasihi ukiwa miongoni mwake. Ila mwananchi amezoea kusikia elimu ya juu ikizungumzwa kwa lugha ya majengo, udahili na mikopo, kwa kuwa hayo huonekana na huhesabika: posho ya chakula na malazi ya wanufaika wa mkopo, kwa mfano, imepandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Unasihi haupigwi picha wala kuzinduliwa kwa utepe, na huenda ndiyo sababu kanuni zake hazijulikani sana.

Swali la kwanza analojiuliza mwanafunzi ni hili: nikisema, nani mwingine atajua? Swali hilo lina msingi. Katika vyuo vyetu vingi unasihi uko chini ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ofisi hiyohiyo inayoshughulikia malazi, serikali ya wanafunzi na, mara nyingi, masuala ya nidhamu. Mwanafunzi aliyeanza kunywa pombe kwa sababu ya msongo wa mawazo anauona mlango mmoja wenye kazi mbili, wa kumsaidia na wa kumshtaki. Si ajabu akiukwepa. Kwa maoni ya mwandishi, chuo kinachotaka huduma hii itumike hakina budi kuanzia hapo: chumba cha mnasihi kitengwe na ofisi za nidhamu, majalada yake yafungiwe peke yake, na wanafunzi waelezwe kwa maandishi kwamba yaliyosemwa katika unasihi hayatatumika kuwaadhibu.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Jalada linaloeleza sonona ya mwanafunzi, au dawa anazotumia, halipaswi kuzunguka kutoka meza hadi meza. Usiri huo, hata hivyo, una mipaka. Maisha ya mwanafunzi au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au mahakama ikiamuru, mnasihi anaweza kulazimika kusema. Mipaka hiyo inapaswa kutajwa katika kikao cha kwanza, kabla mwanafunzi hajafungua moyo. Kuitaja baadaye ni kumtega.

Wazazi nao wana la kuzoea. Mzazi wa Mbagala au Bunju anayejinyima ili alipe ada huona ana haki ya kupigiwa simu kila jambo linapotokea. Lakini mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, na mnasihi hawezi kumpa baba habari ambazo mwenyewe hajaridhia zitolewe. Mzazi anayetaka kujua na amuulize mwanawe.

Kwa upande wa pili, mwanafunzi asitarajie kisichokuwemo. Mnasihi haongezi alama wala hafuti matokeo. Kanuni za vyuo vingi huruhusu kuahirisha mtihani au masomo kwa sababu za kiafya zilizothibitishwa na daktari, mradi maombi yawasilishwe kwa wakati. Hapo kwenye "kwa wakati" ndipo wengi huangukia. Mwanafunzi aliyeingia katika chumba cha mtihani baada ya siku tatu bila usingizi, akafeli, kisha akaja kueleza, mtihani wake umekwishahesabiwa. Kwa lugha ya wanafunzi wenyewe, mwenye "sapu" bado ana nafasi. Aliye"disko" amebaki na rufaa, na rufaa isiyo na nyaraka za wakati ule ni vigumu kusimama. Barua ya rufaa ya matibabu kutoka kwa mnasihi, iliyoandikwa wiki ya sita ya muhula, ina uzito ambao maelezo ya machozi baada ya matokeo hayana. Anayeahirisha afahamu pia kwamba malipo ya mkopo husimama hadi chuo kithibitishe kuwa amerejea. Kodi ya chumba haisimami.

Na vyumba hivyo vya kupanga ndivyo vinavyoleta ugumu mkubwa zaidi. Huduma nyingi zimepangwa kana kwamba mwanafunzi analala chuoni. Mabweni yaliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Aprili 2017 yana majengo 20 na nafasi 3,840, katika chuo chenye wanafunzi kwa makumi ya maelfu. Wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilichopo Chang'ombe, wilayani Temeke, wanaokosa bweni huenda kutafuta chumba Keko, Tandika au Mtoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina makao yake Kinondoni, lakini wanafunzi wake husoma wakiwa makwao na makazini. Mlango wa mnasihi ukifungwa saa tisa na nusu alasiri, huyu yuko darasani, kazini au ndani ya daladala. Jioni mbili kwa wiki, na namba ya simu inayopokelewa, zingewafikia wengi kuliko bango jipya ukutani.

Wahitimu wa kuifanya kazi hiyo hawako mbali. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, iko Kijitonyama, wilayani Kinondoni, na huwafunza maofisa ustawi ambao vyuo vinaweza kuwaajiri au kuwapokea kwa mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi.

Lililozidi uwezo wa mnasihi hupelekwa hospitali, zikiwemo za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala, na Wizara ya Afya hupokea simu bila malipo kupitia namba 199. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Mnasihi humsikiliza na kumtuliza aliyetendewa, ila uchunguzi ni kazi ya TAKUKURU. Mwanafunzi anayejisajili mwaka huu na aulize mapema, kabla hajahitaji, chumba cha mnasihi kiko wapi, kinafunguliwa saa ngapi na jalada lake litasomwa na nani.