Ndege Ikibadilishwa Siku, Mshahara wa Nani Ukatwe?



Yako mambo ambayo zamani hayakuwa yetu sisi watu wa reli, yalikuwa ya mabwana wakubwa tu, na kusafiri kwa ndege ni mojawapo. Leo sivyo. Katika karakana, katika stesheni, na hata miongoni mwa vijana wa kutengeneza njia, hakosi mtu mwenye dada Muscat, au mke Doha, au ndugu aliyekwenda Uingereza kuuguza wagonjwa. Likizo ikikaribia mtu huyo hukusanya fedha zake, hukopa kidogo katika chama cha akiba, akanunua tikiti. Hapo ndipo matata huanza, maana tikiti ya ndege si kama tikiti ya gari la moshi.

Sisi twajua ratiba ni kitu gani. Twaishi kwayo. Gari likichelewa, abiria waona kwa macho yao ya kwamba halipo, na gadi yuko pale pale wa kutukanwa. Ndege ina mambo mengine. Kampuni za ndege huanza kuuza viti miezi kumi au kumi na moja kabla ya safari, wakati ambapo zenyewe hazijajua sawasawa zitakuwa na ndege ngapi, wala viwanja vikubwa havijamaliza kugawa nafasi za kuruka na kutua. Tena ratiba yao hukatwa mara mbili kwa mwaka: msimu mmoja huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na wa pili Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katika Jumapili hizo hizo watu wa Ulaya husogeza saa zao, na sisi hapa hatusogezi. Basi mtu aliyenunua tikiti mwezi wa Februari ya kusafiri Desemba amenunua ahadi iliyoandikwa kwa penseli.

Hatuwalaumu kwa kubadili. Injini huharibika, rubani huugua, na ndege isiyo na abiria wa kutosha huunganishwa na nyingine. Hata sisi twaunganisha mabehewa. Tunalolaumu ni namna habari inavyotolewa, na nani anayebebeshwa hasara.

Jirani yetu mmoja, fundi wa kampuni fulani ya mjini, alikwenda kumtazama dada yake huko Ghuba. Tikiti yake ilisema atarudi Jumapili usiku, na Jumatatu ilikuwa siku yake ya kuingia kazini. Miezi miwili kabla ya safari kampuni ya ndege iliiondoa safari ile ya Jumapili, ikamweka katika ndege ya Jumanne usiku. Habari ilipelekwa kwa njia ya barua pepe, lakini si kwake. Ilikwenda kwa wakala aliyemuuzia tikiti, maana wakala alikuwa ameandika anwani yake mwenyewe na namba ya simu yake mwenyewe. Wakala hakusema neno. Fundi yule alijua akiwa uwanjani, mizigo mkononi, siku ile ya Jumapili. Akampigia foremani wake, akajibiwa ati mambo ya ndege si shughuli ya kampuni. Alipofika kazini Jumatano asubuhi alikuta barua inamngojea: eleza kwa nini usifukuzwe kwa kutoroka kazi.

Hakufukuzwa. Mwakilishi wa chama chao aliingia naye katika kikao, akaweka mezani tikiti ya kwanza na ya pili, akauliza ni mtu gani awezaye kutembea juu ya bahari. Lakini mshahara wa siku mbili ulikatwa, na kampuni ya ndege haikulipa hata chai. Wewe mwenye kulipa kodi ya chumba na karo ya shule wajua siku mbili ni kitu gani.

Sasa na tuitazame sheria, maana watu wengi huogopa barua ya namna ile kwa kutojua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, humpa mfanyi kazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka, na mshahara wake kamili. Kifungu cha 44 chasema ya kwamba kukosa kazini ni kosa kubwa liwezalo kumfukuzisha mtu mara moja, na kifungu cha 19 chamruhusu tajiri kukata mshahara wa siku asizokuwapo mtu. Lakini someni vizuri, ndugu. Vifungu vyote viwili vyasema juu ya mtu aliyekosa bila ruhusa wala sababu nyingine ya halali. Neno lenyewe liko pale: sababu. Nasi twasema wazi ya kwamba mtu aliyekuwa na tikiti ya kurudi siku ya haki, akaondolewa safari hiyo na kampuni bila kuulizwa, anayo sababu ya halali kama vile mtu ambaye daraja limechukuliwa na maji. Tena kifungu cha 41 chamlazimu tajiri amweleze mtu kosa lake katika lugha anayoifahamu, na amsikilize akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama, kabla ya kumfukuza. Usiingie ofisini peke yako.

Upande wa kampuni za ndege, tazameni wenzetu walivyojifunga. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Safari ikifutwa, abiria huchagua: arudishiwe fedha katika siku 7, au apelekwe kwa njia nyingine. Akiambiwa zikiwa zimebaki chini ya siku 14, hulipwa juu yake kati ya euro 250 na 600 kwa kadiri ya urefu wa safari, isipokuwa kampuni imempatia ndege nyingine ya saa zinazokaribiana na zile za kwanza, au imethibitisha ya kwamba jambo lilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Desemba 2021 mahakama yao kuu iliamua ya kwamba ndege iliyopangwa kuondoka mapema kuliko saa yake ya kwanza kwa zaidi ya saa moja yahesabiwa kuwa imefutwa. Kanuni hiyo humshika hata Mkenya aondokaye Nairobi kwenda Ulaya kwa kampuni ya huko, na aondokaye Ulaya kurudi kwetu kwa kampuni yo yote. Nayo Marekani, mwaka 2024, iliweka ya kwamba safari ya nje ikibadilishwa kwa saa 6 au zaidi, na abiria akakataa, arudishiwe fedha zake.

Kwetu Kenya tuko ndani ya Mapatano ya Montreal ya mwaka 1999, yasemayo ya kwamba kampuni hulipa hasara iliyoletwa na kuchelewesha abiria, ila ikionyesha ya kwamba ilifanya yote yaliyowezekana. Mwenye madai ana miaka miwili ya kwenda mahakamani. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupewa habari na ya kulipwa hasara. Ni maneno mazuri. Lakini Montreal husema juu ya kuchelewa, na mawakili wa kampuni watasema mtu aliyepewa habari miezi miwili mbele hakucheleweshwa, amebadilishiwa tu. Huo ndio mlango wanaotokea, nasi twaona Bunge lingefanya vema kuufunga kwa kuweka saa na shilingi, kama walivyofanya Ulaya.

Mpaka hapo mlango utakapofungwa, mtu ajilinde. La kwanza na kubwa: hakikisha namba ya simu na anwani katika tikiti ni zako wewe, si za wakala. Mwulize mbele yake, akuonyeshe. Kisha itazame safari yako mwenyewe kila juma au mawili katika mtandao wa kampuni, usingoje kuambiwa. Ukipata habari ya kubadilishwa, usibonyeze neno la kukubali kwa haraka, maana ukisha kukubali ni vigumu kudai fedha tena. Wala usiifute tikiti kwa mkono wako kwa hasira. Ukiifuta wewe, wahesabu wewe ndiwe uliyevunja mapatano, na faini ni yako. Piga picha ya ratiba ya kwanza na ya pili, tafuta mwenyewe ndege ya kampuni hiyo ikufaayo, kisha wapigie uwaambie, nataka hii, siku hii. Karani wa simu hupenda kazi iliyokwisha kufanywa, na mara nyingi hubadili bila malipo. Wakikupa hati ya kusafiri siku nyingine badala ya fedha, soma siku yake ya mwisho kabla ya kuipokea.

Ukisha kubadilishiwa, kazi haijaisha. Ile alama ya herufi na tarakimu sita ni ya nafasi tu. Tikiti yenyewe ina namba ya tarakimu 13, nayo yapasa kutolewa upya au kuthibitishwa juu ya safari mpya. Wako watu waliofika uwanjani na nafasi nzuri kabisa, wakaambiwa hamna tikiti. Omba hati mpya, usome.

Jambo jingine ni tikiti mbili mbalimbali. Kijana anunua moja ya Kisumu mpaka Nairobi, na nyingine ya Nairobi mpaka Dubai, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Ndege ya Kisumu ikihamishwa kutoka asubuhi hadi jioni, ile ya pili huondoka bila yeye, na kila kampuni husema ya kwamba imetimiza yake. Zikiwa katika tikiti moja, ni juu ya kampuni iliyouza kumfikisha. Hata hapo hesabu dakika za kubadili ndege, kwa kuwa kusogezwa kidogo tu kwaweza kukuachia dakika 35 za kukimbia kiwanja kizima, na kompyuta isikuonye.

Na saa zenyewe! Tikiti huandika 01:40 ya tarehe 14. Hiyo ni saa saba na dakika arobaini usiku, nao ni usiku ule ambao nyumbani kwetu twauita wa tarehe 13. Twamjua mama aliyefika uwanjani jioni ya tarehe 14, amevaa vizuri, na ndege ilikuwa imekwisha kuruka tangu usiku uliotangulia. Ratiba ikibadilishwa kutoka 23:50 kuwa 00:30, dakika ni arobaini tu lakini tarehe imegeuka.

Kwa upande wa kazi, ukijua ya kwamba siku ya kurudi imebadilika, usipige simu tu. Andika, hata kwa ujumbe wa simu, siku ile ile, na uweke picha za ratiba zote mbili, ili foremani asije akasema hakusikia. Mwenzako wa zamu naye ajue, maana ndiye atakayeshika mahali pako, na si haki ashtuliwe.

Lakini kujilinda mmoja mmoja hakutoshi. Twataka mapatano yajayo kati ya chama na tajiri yaandikwe neno hili wazi: mfanyi kazi aliyebadilishiwa safari na mwenye ndege, au meli, au basi, akaleta ushahidi wa maandishi, asihesabiwe mtoro. Siku alizochelewa zitolewe katika likizo iliyobaki, au afidie kwa zamu nyingine, wala mshahara usiguswe. Tajiri hapotezi kitu. Saa zake atazipata.

Jambo hili litaletwa katika mkutano wa tawi wa mwezi ujao. Mwanachama aliyepata kukatwa mshahara au kuandikiwa barua kwa sababu ya safari iliyobadilishwa, alete barua hiyo na tikiti zote mbili kwa karani wa tawi kabla ya siku ya mkutano. Karatasi tatu au nne zikiwa mezani, maneno yatakuwa machache.